Tosheni baa ngumu za nyuma kwa Volkswagen Beetle: zipi za kununua, zipi za kukimbia

Nilipokuwa nikirudi Mbeya kutoka Isongole na magunia mawili ya viazi kwenye kiti cha nyuma, Beetle yangu ya mwaka 1965 iliinama ghafla upande wa kushoto na tairi likaanza kusaga bodi. Tosheni baa, yaani fimbo ya chuma inayofanya kazi ya springi kwa kusokotwa, niliyouziwa Mbeya kuwa mpya na ngumu kuliko ya kiwandani ilikuwa imekatika. Fundi alipoichomoa, tulikuta vishimo vya kutu ya siku nyingi chini ya rangi nyeusi inayong'aa, na mkatiko ulikuwa umeanzia katika kimojawapo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, kagua uso wa chuma. Baa inaposokotwa, mkazo mkubwa kabisa hukaa juu ya uso na si katikati, na ndiyo sababu mkwaruzo wa patasi, ambao kwenye chasisi usingemshughulisha mtu, hapa huzaa ufa unaokua kila gari linapovuka tuta. Mwombe muuzaji afute rangi kwa kitambaa chenye thina mbele yako, kisha pitisha ukucha kutoka meno (mifereji iliyochongwa kwenye ncha ya baa) ya upande mmoja hadi ya upande wa pili, akikataa, ondoka. Pima na urefu, kwa maana Beetle za miaka tofauti hazitumii urefu mmoja.

Nafasi ya kwanza naipa Sway-A-Way ya milimita 26, kampuni ya Marekani, na sifichi kwamba naipendelea. Ugumu wa baa hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo, kwa hiyo kutoka milimita 22, kipimo cha baa zangu za awali, hadi 26 kwa urefu uleule, ugumu unakaribia kuwa maradufu. Shokapu za zamani haziwezi kuutuliza ugumu huo, basi weka bajeti ya shokapu pia.

Ya pili ni ya milimita 28, yenye ugumu wa zaidi ya mara mbili na nusu ya ule wa milimita 22, inayomfaa tu anayebeba mzigo kila siku. Injini ya Beetle iko nyuma, na ukikaza nyuma peke yake mkia huwa mwepesi kuteleza kwenye kona, jambo ambalo sitamani mtu alijaribu barabara ya Tukuyu ikiwa imelowa.

Baa kuukuu za kiwandani zenye uso safi ni za tatu, ingawa haziongezi ugumu. Zisizo na jina, hapana.

Yupo pia fundi atakayekutoza fedha "kuikaza" baa yako kwa kuhamisha meno. Meno ya ndani, upande wa katikati ya gari, ni 40 na ya nje, upande wa tairi, 44, hivyo ukisogeza moja huku na moja kule kinyume, pembe hubadilika kwa chini ya digrii moja; mkia utapanda, lakini ugumu utabaki uleule.

Kuhusu wauzaji wetu, wanataja bei ya baa moja wakijua kwamba zinafungwa mbili, kisha wanaongeza nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam kwa kila moja, ilhali zote zimefika katika boksi moja. Wangu, nilipomrudishia vipande viwili vyenye kutu, aliniambia, "Dada, hii haikutengenezwa kubeba viazi," akakiweka kile kirefu chini ya kaunta yake, na fedha yangu sijaiona mpaka leo.