Next.js: Vercel au seva yako?

Tovuti uliyoijenga kwa Next.js (zana ya JavaScript ya kujengea tovuti) unaweza kuiweka Vercel, kampuni inayokuendeshea seva, au kwenye seva unayoikodi na kuisimamia mwenyewe. Kwa bei, seva ya kukodi inashinda: dola 5 hivi kwa mwezi, na unabana humo miradi mitatu. Mpango wa bure wa Vercel hauruhusu biashara. Pro, mpango wake wa kulipia, huanzia dola 20 kwa mwezi.

Kwenye masasisho kibao kinageuka. Machi 2025 lilitangazwa tundu la usalama kwenye Next.js, lenye namba CVE-2025-29927, lililomwezesha mtu kuruka ukaguzi wa kuingia. Tovuti zilizoko Vercel hazikuguswa. Sisi wa seva zetu tulikesha tukipandisha toleo hadi 15.2.3, na bado nilisahau mradi mmoja, nikaukumbuka asubuhi kikombe cha chai mkononi.

Una mtu wa kuamka usiku? Kodi seva. Uko peke yako na wateja wanalipa? Dola 20 si nyingi.