Great Vibes kwenye kadi za harusi: uzoefu wangu wa miaka miwili

Mimi natengeneza kadi, za mchango, za sendoff, za harusi, mara moja moja na vyeti vya semina, na hii fonti ya Great Vibes nimekaa nayo mwaka wa pili sasa kwahiyo naongea kitu nachokijua.

Niliifuata kwa sababu nilichoka. Steshenari za mtaani kwetu zote zilikuwa na Monotype Corsiva, ile inayokuja na Word, yaani kadi ya harusi Corsiva, ratiba ya msiba Corsiva, cheti cha chekechea Corsiva, mpaka ukiiona tu unasikia harufu ya lamineshen. Na ukiiangalia vizuri herufi zake haziungani, zimelala tu. Great Vibes inaungana kweli kama mwandiko wa mtu aliyetulia. Kaichora Mmarekani, Robert Leuschke, iko bure Google Fonts, ile tovuti ya fonti ya Google, na kwenye Canva, ile programu ya kutengenezea kadi mtandaoni, pia ipo, leseni yake ni ile ya wazi ya OFL, maana yake kadi unamuuzia mteja wala hudaiwi na mtu, unachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake.

Uzuri wake uko kwenye herufi kubwa. Andika jina linaloanza na herufi kubwa halafu likuze lijae skrini, utaona mstari unaoshuka ni mnene na unaopanda ni mwembamba kama uzi, ni ule mwandiko wa Kiingereza wa miaka ya 1700, wa kalamu ya ncha kali, ukishusha unakandamiza wino unatanuka ukipandisha unaachia. Na kwa Kiswahili inapendeza zaidi kwenye maneno yenye k, b, l na h, vile vitanzi vya juu vinapishana vizuri, neno "kukaribisha" peke yake ni pambo.

Sasa shida. Kazi yangu ya kwanza nayo ilikuwa kadi 150 za binamu yangu, na kwa ushamba wangu nikaandika kadi nzima kwa Great Vibes, majina, ukumbi, saa, mpaka namba za simu za kamati, pointi 14 kwenye karatasi ya A5 ya rangi ya maziwa kwa wino wa dhahabu. Kwenye laptopu ilikuwa moto. Ilipotoka kwenye mashine ile mistari myembamba yote imekufa, yamebaki madoadoa tu ya sehemu nene. Shangazi akaishika kadi akaisogeza mbali, akaileta karibu, akavua miwani, akaniuliza "baba, hapa wameandika nini?" Hapo palikuwa pameandikwa "mama na mumewe wanawaomba". Nikaangalia na mimi nikashindwa kucheka, m, n, u, w zote kwenye mwandiko huu ni vijiti vilevile vinavyopanda na kushuka, ukizipanga pamoja unapata mawimbi ya bahari, na Kiswahili chetu kimejaa wa na na mu na nu kila mahali.

Tangu siku hiyo Great Vibes kwangu ni ya majina ya maharusi tu, pointi 40 kwenda juu, labda na neno moja kama "Karibuni". Chini yake naweka fonti nyingine ya herufi za kawaida zisizoungana, Montserrat nyembamba, basi. Kuna wateja wanataka majina yote kwa herufi kubwa mwanzo mwisho, nakataa, maana kila herufi inakuja na mkia wake zinakabana koo hakuna atakayesoma. Bold pia haina, ukibonyeza ile B ya Word inajipaka unene wa uongo na vitanzi vinaziba. Na usiachanishe herufi, viungio vinakatika mwandiko unaonekana umeng'atwa.

Ukipeleka kuchapa geuza maandishi yawe michoro kwanza, kwenye Corel, ile programu ya michoro, ni Ctrl+Q. Mimi niliwahi kupeleka faili bila kufanya hivyo, kijana wa mashine akaniambia "kaka hii fonti kwangu haipo" wakati keshachapa nakala 20 na fonti nyingine kabisa, tukagawana hasara. Na wale wa kukata majina ya kuchomeka juu ya keki kwa leza, unganisheni herufi ziwe umbo moja kwanza, maana hizi zinapandiana pale zinapokutana, mashine inafuata kila ukingo unapata vipande.

WhatsApp nayo ni mtihani, kadi ikitumwa kama picha inabanwa na ile mistari myembamba inakuwa ukungu, natuma kama dokumenti.

Nikiipa alama ni 4 kati ya 5, ile moja naikata kwa ajili ya vijiti vya mumewe. Sasa hivi niko na kadi ya bibi harusi ambaye jina la ukoo linaanza na Ng', ile alama ya juu imekaa inaelea mbali na g utadhani inzi katua, nimeisogeza kwa mkono mara tatu na mteja bado anasema shusha kidogo.