Siku za Usomaji za Klagenfurt: Hadithi Mpya za Kijerumani Kutoka Vinywani mwa Waandishi

Kila mwaka, kiangazi kinapoanza Ulaya, mji wa Klagenfurt ulioko kusini mwa Austria huwakusanya waandishi wanaoandika kwa Kijerumani ili wasome hadharani kazi ambazo bado hazijachapishwa. Mashindano haya ya Tuzo ya Ingeborg Bachmann, iliyopewa jina la mwandishi wa Austria mzaliwa wa mji huo, yalianza mwaka 1977, na kwa mpenzi wa fasihi ya Kijerumani ya leo, sijaona usomaji mwingine unaoyafikia.

Mwandishi huketi mezani na kusoma kwa takriban dakika 25, kisha waamuzi saba huanza kuichambua hadithi yake papo hapo, mwenyewe akiwa anasikiliza. Yote hurushwa moja kwa moja na televisheni ya 3sat, na matini huwekwa mtandaoni, jambo linalomfaa sana anayejifunza Kijerumani, kwa kuwa anaweza kufuatilia mstari kwa mstari huku akisikia mwandishi anapovuta pumzi na anapoharakisha.

Usomaji ninaourudia zaidi ni wa Sharon Dodua Otoo, mzaliwa wa London mwenye wazazi kutoka Ghana, aliyeshinda mwaka 2016. Hadithi yake inaanza na mzee mpenda utaratibu aliyeketi kupata kifungua kinywa na mkewe. Yai lake, ingawa limechemshwa kwa muda uleule wa siku zote, linakataa kuwa gumu, na punde yai lenyewe linashika usimulizi. Otoo anaisoma kwa utulivu mkubwa, bila kumwonyesha msikilizaji mahali pa kucheka, na hapo ndipo ustadi wake ulipo.

Ushindi wa Helga Schubert nao ulinigusa sana: alialikwa mwaka 1980, serikali ya Ujerumani Mashariki ikamnyima ruhusa ya kusafiri, akaja kushinda mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 80, wakati janga la korona lilipolazimisha usomaji wote ufanyike kwa video.

Kasoro ninayoiona ni kwamba waamuzi mara nyingine hujibizana wao kwa wao hadi hadithi ikawekwa kando, ilhali mwandishi, ambaye kwa kawaida hunyamaza, angestahili kupewa nafasi ya kueleza japo jambo moja. Kwa hiyo namshauri mtazamaji mgeni asikilize kwanza usomaji wenyewe, aisome matini kwa utulivu, ndipo arudi kwenye mjadala wa waamuzi.