Choo cha boti: kipi ununue, na tangi lake liwe la lita ngapi

Kabla hujauliza bei ya choo, piga hesabu ya tangi la kuhifadhia maji taka yake. Chukua boti ya watalii inayotoka Nungwi asubuhi kwenda Mnemba na kurudi alasiri. Watu 12, kila mmoja akiingia chooni mara mbili, ni mara 24. Choo cha pampu ya mkono kikisukumwa inavyotakiwa hutumia kama lita 4 kwa kila mara. Ongeza lita moja ya kuchamba, ambayo maelezo ya watengenezaji wa Ulaya na Marekani kwa kawaida hayaihesabu kwa sababu wateja wao wengi hutumia karatasi. Hapo umefika lita 120. Weka robo ya akiba, unahitaji tangi la lita 150. Usisahau kwamba likijaa ni zaidi ya kilo 150. Liwekwe katikati ya chombo, lisije likaiinamisha boti upande mmoja.

Kwa nini tangi liwepo? MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, katika kiambatisho chake cha nne, unaruhusu kinyesi kisichosafishwa kumwagwa umbali wa zaidi ya maili 12 za bahari kutoka nchi kavu, chombo kikiwa safarini kwa kasi isiyopungua noti 4 (maili 4 za bahari kwa saa). Kilichosagwa na kuuliwa vijidudu ni zaidi ya maili 3. Sheria hiyo imewekewa meli za safari za kimataifa zenye tani 400 na zaidi, au zilizoidhinishwa kubeba zaidi ya watu 15, kwa hiyo boti ndogo ya ndani haiguswi nayo. Lakini matumbawe hayaulizi ukubwa wa chombo. Mnemba iko karibu mno na Unguja, na boti ya siku moja haifiki maili 12 hata kidogo. Humo humo unamomwaga ndimo wageni wako wanamozamia.

Namba moja: pampu ya mkono, tangi juu ya usawa wa maji

Kwa boti ya abiria au jahazi la safari za siku mbili tatu, hiki ndicho tunachokipendekeza. Choo kama Jabsco cha mkono hakihitaji umeme, na fundi yeyote mwenye bisibisi anaweza kukifungua. Maji huingia kwa mpira wa milimita 19 na kutoka kwa mpira wa milimita 38, yakapanda hadi juu ya tangi. Chini ya tangi kuna mpira mfupi unaoshuka moja kwa moja kwenye koki ya ubavuni. Koki ikifungwa, tangi linahifadhi. Ukiwa mbali baharini ukaifungua, uzito wa maji unamaliza kazi wenyewe bila pampu ya pili.

Nunua tangi la plastiki nene, milimita 6 au zaidi. Chuma cha pua kinavutia macho, ila mkojo ukichanganyika na maji ya chumvi hukila kwenye maungio ya kuchomelea. Tangi liwe na mfuniko wa ukaguzi unaopitisha mkono. Bandari zetu nyingi hazina kituo cha kunyonya, kwa hiyo mara nyingi utaita gari la maji taka. Mfuniko huo ufunguliwe kabisa na mpira wa gari uingizwe humo. Ukiunganisha gari moja kwa moja na tangi lenye tundu dogo la hewa, mvuto wake unaweza kulibonyeza tangi hadi lipasuke.

Harufu ndiyo inayowakatisha watu tamaa, na chanzo chake mara nyingi ni hewa kidogo. Tangi likikosa oksijeni, bakteria hutoa gesi ya mayai viza. Weka mabomba mawili ya hewa, moja kila ubavu, yenye kipenyo cha milimita 25 au zaidi, upepo upite. Chanzo cha pili ni mpira: wa bustani au wa maji ya kawaida hupenyeza harufu baada ya muda. Sugua mpira kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, kisha kinuse kitambaa. Kikinuka, mpira umekwisha, na hakuna dawa ya kuurudisha.

Choo kikiwa chini ya usawa wa maji, hakikisha mipira yote miwili inapanda kwa kitanzi chenye valvu ya hewa, juu ya usawa wa maji hata boti ikiinama. Bila hicho, bahari hujivuta yenyewe kupitia bakuli, na boti huweza kuzama ikiwa imefunga nanga. Koki ziwe za bronzi. Shaba ya manjano ya dukani huliwa na chumvi ikabaki ganda. Kila ncha ya mpira ikazwe kwa klampu mbili za chuma cha pua.

Kosa la watumiaji ni kusukuma mara chache. Mita moja ya mpira wa milimita 38 hubeba zaidi ya lita moja. Ukiwa na mita 3, yanahitajika karibu lita 3 na nusu kuufagia. Mkojo ukibaki humo na maji ya chumvi, chokaa hujijenga hadi njia ibaki kama kidole. Mimina siki lita moja kila wiki, iache usiku kucha. Klorini usitie: hukausha valvu ya mdomo wa bata (ile ya mpira inayozuia uchafu kurudi bakulini) na mipira ya kuzibia iliyo ndani ya pampu.

Namba mbili: choo cha kubeba

Kwa mashua ndogo ya watu 4 hadi 6 kinatosha, wala hutoboi chombo. Porta Potti 365 hubeba lita 15 za maji juu na lita 21 za taka chini. Kwa wanaochamba, hesabu mara 15 tu kabla ya kujaa. Kifungwe sakafuni kwa mikanda. Kama kitamwagwa kwenye choo cha shimo au septiki, epuka dawa ya choo yenye fomaldehaidi, kemikali inayoua bakteria wa kuozesha.

Namba tatu: choo kikavu kinachotenga mkojo

Hakitaki maji ya bahari, na vumbi la makumbi ya nazi linalohitajika ndani yake pwani yetu tunalo tele. Tatizo ni kuchamba: maji yakiingia upande wa kinyesi, mchanganyiko hulowa, hunuka na kuzaa funza. Kinamfaa anayeishi na familia yake botini akaweka mahali pengine pa kuchambia. Boti ya abiria wapya kila siku isikinunue.

Namba nne: cha umeme

Kizuri kwa wageni, lakini injini yake ya volti 12 huvuta ampea 15 hadi 20, na kitambaa kimoja kikitumbukia visu vyake vya kusagia uchafu hukwama. Kinahitaji waya mnene, fyuzi yake peke yake na betri yenye afya.

Chochote utakachochagua, siku hiyo hiyo nunua valvu za mdomo wa bata mbili, seti ya mipira ya kuzibia ya pampu na klampu kadhaa. Plagi ya mti laini, ya kuziba tundu koki ikivunjika, ifungwe kwa kamba kando ya kila koki.