Gramps: programu inayomwachia mtu majina yake yote

Cheti cha kuzaliwa kinasema Catherine, daftari la ndoa linasema Katherine, hati ya kifo inasema Kate na jina la ukoo la mume. Ukilazimika kuchagua moja na kufuta mengine, umefuta pia ushahidi uliokuja nayo. Gramps ni programu huria ya nasaba, haina malipo, na inafanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac. Haikulazimishi kuchagua, na kwa mwenye kumbukumbu zinazopingana ndiyo ninayoipendekeza kwanza.

Kila mtu ana jina moja la msingi na orodha ya majina mbadala. Kila jina hubeba aina yake (la kuzaliwa, la ndoa, la kujulikana nalo), tarehe yake, maelezo yake na, kubwa kuliko yote, rejea zake za chanzo. Liandike herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye hati, hata pale unapojua karani alikosea, kisha ambatisha rejea na uipe kiwango cha kuaminika. Viwango viko vitano, na hukaa kwenye rejea badala ya kuifunga hati nzima, jambo lenye manufaa kuliko linavyoonekana. Hati ya kifo ni shahidi mzuri wa siku ya kifo, lakini jina la mama wa marehemu alipokuwa hajaolewa limetajwa na mtu ambaye pengine hakuwahi kumwona mama huyo. Tengeneza rejea mbili za hati hiyohiyo: ya tarehe ipe kiwango cha juu, ya jina la mama cha chini. Ushahidi mpya ukikugeuza mawazo, bofya jina mbadala kwa kitufe cha kulia ulifanye la msingi. Lile la zamani hushuka kwenye orodha likiwa na rejea zake.

Majina ya ukoo yaliyoandikwa kwa tahajia tofauti unaweza kuyaweka kwenye kundi moja ili yakae pamoja kwenye orodha ya watu. Tahadhari hapa: programu itakuuliza kama kundi liwahusu wote wenye jina hilo au jina hili moja tu. Chagua jina moja, la sivyo koo mbili zisizo na undugu zinaweza kuwekwa fungu moja.

Chombo cha kutafuta watu waliorudiwa kinaweza kutumia Soundex, msimbo wa kukutanisha majina yanayosikika karibu sawa, yaani herufi ya kwanza ya jina na tarakimu tatu za konsonanti zinazofuata. Mohamed na Muhammad yote hutoa M530, kwa hiyo hukutana vizuri. Catherine hutoa C365 na Katherine K365, kwa sababu herufi ya kwanza haibadilishwi kamwe. Yusuf na Joseph hutengana kwa sababu hiyohiyo. Kifupi kama Kate kiko mbali zaidi. Usitegemee Soundex peke yake; linganisha pia tarehe, mahali, wazazi na mashahidi wa ndoa.

Kuunganisha kumbukumbu za watu wawili kuwa mtu mmoja ndiko kunakoharibu kazi za watu wengi. Jina la anayemezwa huhifadhiwa kama mbadala, vizuri kabisa, lakini kagua matukio baada ya hapo, maana kuzaliwa kunaweza kubaki kumeandikwa mara mbili, nawe ndiye wa kuyaunganisha. Unaweza kutengua ukiwa bado hujafunga mti wa ukoo ulioufungua kwenye programu. Ukishaufunga, historia ya kutengua imekwenda. Tengeneza nakala rudufu kabla ya kila uunganishaji, na usiunganishe kwa sababu ya jina tu. Watoto wawili wa wazazi walewale waliweza kupewa jina moja, wa pili akizaliwa baada ya wa kwanza kufariki.

Udhaifu upo. Madirisha ya kuhariri yamepangwa moja ndani ya jingine na humchosha mgeni. Kuhamisha data kwa GEDCOM, muundo wa faili ambao programu za nasaba hutumia kubadilishana data, nako kuna hasara: GEDCOM ina viwango vinne tu vya kuaminika, 0 hadi 3, hivyo vitano vya Gramps havitoshei. Majina mbadala yanaingia kwenye faili, ila kuna programu za upande wa pili zinazoonyesha la kwanza pekee. Ndugu anayetumia programu nyingine mtumie pia ripoti kamili ya mtu husika, yenye vyanzo vyake.