Uzoefu wangu na getiwei ya simu ya E1 mbili hapa Mbeya: chaneli 60 za kwenye boksi na zile unazozipata kazini

Ukienda kununua getiwei ya simu, yaani mashine inayounganisha laini za kampuni ya simu na mtandao wa kompyuta, kwa ofisi inayopokea wateja wengi, muulize muuzaji maswali mawili kabla hamjafika kwenye bei. La kwanza: inabeba mazungumzo mangapi kwa pamoja ikiwa kodeki, yaani njia ya kuifunga sauti ili isafiri mtandaoni, ni G.729? La pili: inaunganisha simu mpya ngapi kwa sekunde moja? Muuzaji akikujibu tu kwamba "ina chaneli 60", bado hajakujibu.

Mimi ni fundi wa mitandao kwenye kampuni ya pembejeo za kilimo. Ghala kuu na meza ya huduma kwa wateja viko Mbeya upande wa Uyole, na tuna matawi Iringa, Njombe, Makambako na Tukuyu. Wanaotupigia ni wakulima na mawakala wa Nyanda za Juu Kusini: wa kahawa wa Mbozi, wa viazi wa Njombe, wa parachichi wa Rungwe, wa mpunga wa Usangu. Simu zao zinaingia kwa laini mbili za E1, zinapita kwenye hii getiwei, zinageuzwa kuwa SIP, yaani lugha ya simu za mtandaoni, kisha zinakwenda kwenye seva yetu ya simu na kugawiwa kwa wahudumu. Jina la chapa silitaji, kwa sababu haya ninayoyaeleza utayakuta kwenye mashine nyingi za daraja hili.

Nianze na uzuri wake, maana upo. Sauti ni safi. Mkulima akipiga akiwa shambani na upepo unavuma, mhudumu anamsikia vizuri. Mwangwi, ule ugonjwa wa kusikia sauti yako ikikurudia, sijaukuta tangu tuifunge. Namba ya mpigaji inapita bila kukatwa tarakimu, na mashine haijawahi kuganda yenyewe katikati ya kazi. Ukiipa mzigo inaouweza, ni mashine ya kuaminika. Shida iko kwenye kuujua huo mzigo.

Hizo 60 zinatoka wapi? E1 moja ni njia ya Mbps 2.048 iliyogawanywa vipande 32 vya kbps 64 kila kimoja. Kipande namba 0 kinashika mapigo ya kulinganisha saa, namba 16 kinabeba ishara za kupiga na kukata, na 30 vilivyobaki ndivyo vinavyobeba sauti. E1 mbili, 60. Kwa hiyo boksi halidanganyi: matundu ya kuingizia simu 60 yapo. Ila tundu ni mlango tu. Ndani kuna chipu za kuchakata sauti, ambazo mafundi tunaziita DSP, na hizo ndizo zinazofanya kazi ya kuigeuza sauti ya E1 kuwa pakiti za mtandao. DSP haihesabu milango, inahesabu jasho. Ukitumia G.711, sauti inapita karibu kama ilivyo, kwa hiyo chipu haisumbuki. Ukitumia G.729, lazima ikandamize kbps 64 hadi kbps 8 papo kwa papo, na kwenye kila mazungumzo.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Cisco, watengenezaji wa vifaa vya mtandao, kwa mfano, waliiandika wazi kwenye kadi zao za DSP ziitwazo PVDM2: kadi ya PVDM2-64 inabeba simu 64 za G.711, lakini ukihamia G.729A, ambayo ni G.729 nyepesi, zinabaki 32, na kwa G.729 ile nzito zinabaki 24. Kadi ni ileile. Karatasi ya sifa ya mashine yetu haikuwa na jedwali la namna hiyo; ilikuwa na namba 60 kwa maandishi makubwa, basi.

Kampuni iliyotufungia iliweka G.729 kila mahali "ili kuokoa intaneti". Miezi ya kiangazi hakuna aliyeona tatizo. Mvua za kwanza zilipoanguka Novemba, kila mtu akataka mbolea ya DAP ya kupandia kwa wakati mmoja, na mazungumzo yalipovuka thelathini hivi, simu zilizofuata zikawa zinakufa kabla hazijalia. Wakala mmoja wa Vwawa alifika ofisini mwenyewe akamwambia dada wa mapokezi, "Dada, nimepiga asubuhi nzima, inalia tii-tii-tii tu. Mmefunga?" Hatukuwa tumefunga. Wahudumu walikuwa mezani, na baadhi yao hawakuwa na mteja.

Hapa nitoe jambo ambalo lingeniokolea muda mwingi kama lingeandikwa kwenye mwongozo wa mashine. Fungua kumbukumbu za simu zilizokatika, usome namba ya sababu. Hizi namba ni za kiwango cha kimataifa, Q.850, hazitofautiani kwa chapa. Sababu 17 maana yake aliyepigiwa yuko kwenye simu nyingine. Sababu 34, hakuna chaneli iliyo wazi: hapo laini zako za E1 zimejaa kweli, unahitaji kuongeza laini. Sababu 47, rasilimali imekosekana: ukiiona hii huku nusu ya chaneli ziko wazi, shuku DSP kwanza. Kwetu zilikuwa 47 zimejipanga mstari mzima, saa mbili hadi saa nne asubuhi. Kuongeza E1 ya tatu, kama muuzaji alivyotushauri kwa haraka, kusingesaidia hata kidogo.

Dawa ilikuwa kugawanya kodeki. Simu inayokwenda kwa mhudumu aliye hapa Uyole inapita kwenye swichi ya ndani yenye nafasi tele, haina sababu ya kukandamizwa, tukaiweka G.711. G.729 ikabaki kwa simu zinazohamishiwa Iringa, Njombe na matawi mengine tu. Hesabu yake ni rahisi. Ukiongeza vichwa vya pakiti, G.711 inakula karibu kbps 87 kwa kila upande kwenye Etheneti, na G.729 inakula kbps 31. Mazungumzo 60 ya G.711 ni Mbps 5 na kidogo. Kwa mtandao wa ndani hiyo si kitu. Kwa kiungo cha tawi ambacho pia kinabeba mfumo wa stoo, risiti na kamera, ni nyingi.

Ila usidhani G.729 inairahisishia ruta kazi. Kodeki zote mbili zinatoa pakiti 50 kwa sekunde kwa kila upande wa mazungumzo zikitumwa kila baada ya milisekunde 20. Simu 60 ni pakiti 6,000 kwa sekunde, kwenda na kurudi, ziwe nene au nyembamba, na prosesa ya ruta ndogo inachoshwa na idadi ya pakiti kuliko unene wake. Ruta ya tawi letu moja ilikuwa inakwaruza sauti wakati kiungo hakijafika hata nusu ya uwezo wake, kwa sababu hii hii.

Sasa lile swali la pili, la simu kwa sekunde. Hili ndilo lililoniuma zaidi kwa sababu hakuna aliyelizungumzia, na kwa mazingira yetu lina uzito wa pekee.

Kampuni inatangaza redioni. Tangazo likisomwa saa moja na nusu asubuhi, namba ya simu inatajwa mwishoni, na watu wanapiga hapohapo, kabla ya wimbo unaofuata kuisha. Chaneli zinaweza kuwa tupu kabisa, DSP imelala, na bado simu zikapotea, kwa sababu kila simu mpya inaidai prosesa ya getiwei kazi kubwa kwa muda mfupi: kupokea ishara za E1, kutafuta njia, kutengeneza ujumbe wa SIP, kutenga DSP, kusubiri jibu la seva. Simu ikishaunganishwa, kazi inapungua sana. Mazungumzo 40 yanayoendelea ni mzigo mwepesi kuliko simu 40 zinazogonga hodi kwa mkupuo. Yetu ikizidiwa huanza kuchelewa. E1 inasubiri jibu, hailipati kwa wakati, simu inakatwa.

Juu ya hapo weka kubipu. Kila anayefanya kazi ya huduma kwa wateja Tanzania anajua: mteja hana salio, anakubipu ili umpigie. Simu ya kubipu haikai hata sekunde tano. Kwenye ripoti ya dakika za mazungumzo haionekani kabisa, kwa hiyo meneja anaangalia jedwali na kuona laini zimetulia. Lakini kwa prosesa ya getiwei, kubipu ni simu kamili: imefunguliwa, imetafutiwa njia, imetengewa DSP, imefungwa, na yote yameandikwa kwenye kumbukumbu. Anayebipu mara tatu ameipa mashine kazi ya simu tatu. Siku za tangazo nilikuwa naona simu fupi zimejaa kumbukumbu kuliko mazungumzo yenyewe. Watengenezaji wanaopima mashine zao kwa simu za dakika tatu zilizopangwa kwa utaratibu hawapimi asubuhi ya Mbeya.

Tulichofanya ni mambo mawili. Menyu ya sauti, ile ya "bonyeza moja", tuliiondoa kwenye getiwei tukaihamishia kwenye seva, kwa kuwa kucheza rekodi nako kulikuwa kunakula prosesa ileile. Na tuliandika programu ndogo kwenye seva inayozikusanya namba za waliobipu, inafuta zilizojirudia, kisha inampa mhudumu orodha ya kupiga pale mkupuo unapopungua. Wakulima waliolipokea hili walifurahi sana, na mimi naona ni haki yao: mtu asiye na salio asikose jibu kuhusu mbolea kwa sababu tu mashine imechoka.

Kuhusu idadi ya chaneli unazohitaji, tumia fomula ya Erlang, yule mwanahisabati wa Denmark aliyekuwa kampuni ya simu ya Copenhagen. Aliichapisha 1917 na hadi leo inafanya kazi. Kwa chaneli 30, ukitaka simu moja tu kati ya 100 ikose nafasi, mzigo usizidi Erlang 20 hivi, yaani wastani wa mazungumzo 20 kwa wakati mmoja. Kama simu ya wastani ni dakika tatu, hiyo ni simu kama 400 kwa saa. Ukiziunganisha E1 mbili kuwa kundi moja la chaneli 60, unafika karibu Erlang 47, zaidi ya simu 900 kwa saa. Yaani kundi moja linakupa zaidi ya makundi mawili yaliyotengwa. Sisi tulikuta E1 ya pili imetengwa kwa simu za kutoka tu. Tukaziunganisha.

Upande wa pili wa hesabu hiyo unatisha. Ukisukuma Erlang 30 kwenye chaneli 30, takribani simu 13 kati ya 100 zinakosa nafasi. Na fomula inachukulia kwamba aliyekosa anakwenda zake. Mkulima ambaye mvua imeshaanguka haendi popote. Anapiga tena, na tena, na kila jaribio linarudi kuibana prosesa. Kwa hiyo wewe ongeza nafasi juu ya kile fomula inachokuambia, hasa kwa Novemba ya kupandia, na kwa wiki zinazofuata watu wanapotafuta UREA na CAN za kukuzia.

Leseni nayo ni dari. Mashine nyingi zinauzwa na leseni ya vipindi vya SIP (mazungumzo ya wakati mmoja) vichache kuliko chaneli zake, halafu unauziwa nyongeza baadaye. Isome kwenye ankara, usiisome kwenye tangazo.

Mengine ni mafupi. Joto halijatusumbua, Mbeya iko juu, mita 1,700 hivi, hewa ni ya baridi, ingawa ni nyepesi na feni inapoza kidogo kuliko ingepoza pwani, kwa hiyo usiibane mashine kabatini. Radi ni adui wa kweli msimu wa mvua: fungeni kinga kwenye nyaya zote za shaba, na waya wa ethi (wa kupeleka umeme ardhini) uliopimwa. UPS ni lazima, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi mashine inachukua dakika kadhaa kuamka, na simu zote za mezani zinajisajili upya kwa pamoja, ambao ni mkupuo mwingine.

Ningeinunua tena? Kwa ofisi ya simu za kawaida zisizozidi thelathini kwa pamoja, ndiyo, na kwa moyo mweupe. Kwa meza ya huduma inayotangaza redioni, hapana, labda ziwe mbili zinazogawana mzigo. Kwenye zabuni ya tawi la Iringa tumeweka sharti kwamba malipo ya mwisho yatatoka baada ya majaribio mbele yetu. Tutatumia SIPp, programu ya bure ya kurusha simu za SIP: kwanza mazungumzo 60 ya G.729 kwa pamoja, yakae nusu saa; kisha simu fupi za sekunde nne, kasi ikipandishwa taratibu hadi mashine ianze kukataa. Kasi itakayofikiwa kabla ya simu ya kwanza kukataliwa ndiyo itakayoandikwa kwenye mkataba.