Raspberry Pi 4: Kibodi, Mausi na Diski Uchomeke Wapi?

Karibuni jamani. Leo nimeiweka mezani Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, na habari za prosesa tuziache, zimeshasemwa sana. Nataka tuangalie upande huu wenye matundu manne ya USB, maana malalamiko mengi mnayoniandikia yanaanzia hapa: mausi inagandaganda, flashi haisomeki, diski inajitoa yenyewe katikati ya kazi.

Sogeeni muone. Haya mawili yana buluu ndani, ni USB 3. Haya meusi ni USB 2. Kibodi na mausi chomeka kwenye meusi, zinatosheka kabisa. Ya buluu yaachie SSD, yaani diski isiyo na sahani inayozunguka, na flashi za kasi. Tundu jeusi mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, la buluu linafika gigabiti 5. Ukihamisha video za harusi za gigabaiti 40, kwa tundu jeusi utasubiri robo saa na zaidi, kwa la buluu na SSD nzuri ni dakika chache tu.

Sasa umeme, na hapa naomba mnisikilize vizuri sana. Matundu yote manne yanagawana ampea 1.2. Yote kwa pamoja, siyo kila moja! Kibodi na mausi za kawaida zinakula kidogo, SSD ndogo ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) nayo inabebeka. Lakini diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka, pale inapoanza tu kuzunguka inaweza kutaka karibu ampea nzima peke yake. Hiyo mnunulie hab ya USB, kile kifaa cha kuongeza matundu, yenye chaja yake.

Na Pi yenyewe inataka chaja ya volti 5, ampea 3. Mkiona alama ya radi ya njano kwenye skrini, volti zimeshuka. Wengi wanaizoea wakaendelea na kazi, na mafaili yanaharibika hivyohivyo. Fungueni terminali, lile dirisha la kuandikia amri, mwandike hivi:

vcgencmd get_throttled

Mnaona hapa imejibu 0x0? Umeme uko salama tangu nilipoiwasha. Ingejibu 0x50000, maana yake ulishawahi kushuka, hata kama sasa hivi umetulia.

Kuhusu mausi isiyo na waya. Kifaa cha USB 3 kikiwa kazini kinatoa kelele ya redio karibu na masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo mausi nyingi za namna hii zinatumia, na Wi-Fi pia. Kwa hiyo mausi inaruka ukadhani mbovu, kumbe jirani yake ndiye tatizo. Chukua waya mfupi wa kurefusha USB, kipokezi cha mausi ukipeleke mbali kidogo na SSD. Utashangaa.

Kuna adapta za SATA kwenda USB ambazo hazielewani na Pi: SSD inaonekana, halafu inaganda. Tatizo mara nyingi ni UAS, mtindo wa mawasiliano ambao adapta inadai kuujua kumbe inaujua nusunusu. Kwenye terminali andika lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, chukua namba mbili za adapta yako, kisha kwenye cmdline.txt, faili la mipangilio ambayo Pi huisoma ikiwaka, mwanzoni mwa mstari uleule, ongeza usb-storage.quirks=, namba zako zikiwa na nukta mbili katikati, umalizie na :u na nafasi moja. Usifungue mstari mpya, faili hilo lina mstari mmoja tu. Kasi itapungua kidogo, lakini diski itatulia.

Je, naipendekeza? Kwa kompyuta ya kujifunzia au sava ndogo ya nyumbani yenye SSD moja, ndiyo, bila wasiwasi. Mwenye diski mbili au tatu aweke bajeti ya hab kabla hajanunua kitu kingine. Na wewe unayehamia Pi 5, chaja ya Pi 4 usihame nayo: Pi 5 ikikuta chaja ya ampea 3 inabana USB zote hadi miliampea 600, nusu ya ulizozizoea. Nunua ya ampea 5, utapata ampea 1.6.